Mzee Aliyelalamikia Mizani

“Rwimbogo kuna nini cha kuibiwa?” Mjumbe mmoja wa kamati ya ushirika wetu wa kahawa aliniuliza hivyo, kwa moyo safi kabisa, nilipoomba muda na fedha za intaneti ili niweke ulinzi kwenye seva ya ushirika. Rwimbogo ni kata ya wilaya ya Rusizi, magharibi mwa Rwanda, upande ambao wengi bado tunauita Cyangugu. Barabara ya kutoka Kamembe kushuka Bugarama inapita hapa, kwenye senta ya Mushaka yenye parokia yake. Huko chini liko bonde la mpunga, sehemu iliyo chini kuliko zote nchini, na ng’ambo ya mto Rusizi imesimama milima ya Kongo. Mjumbe alikuwa akifikiria benki za Kigali na kampuni za simu. Hakuona mtu wa mbali angepata wapi habari za wakulima wa hapa, sembuse sababu ya kuwaingilia.

Nilimfungulia logi za Apache, programu inayoihudumia tovuti yetu, nikamwonyesha mistari ya usiku uliotangulia. Kulikuwa na aliyeomba ukurasa wa /wp-login.php, na tovuti yetu haikuwahi kutumia WordPress. Mwingine aliomba /phpmyadmin. Mwingine alitaka /.env, faili ambalo waandishi wa programu huwekamo nywila ya hifadhidata. Mwingine alijaribu kupanda mafolda kwa nukta mbilimbili hadi alifikie /etc/passwd, orodha ya watumiaji wa Linux. Maombi hayo yalitoka pembe zote za dunia. Walioyatuma hawakujua kwamba hapa ni Rwimbogo, na hawakuhitaji kujua.

Anwani za IP za toleo la nne, ambazo kompyuta hufikiana kwazo kwenye intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap, iliyoweza kuzipigia hodi karibu zote katika muda usiofika dakika 45, kwa kompyuta moja yenye intaneti ya kasi ya gigabiti. Tangu hapo kuwa mdogo au kuwa mbali hakumkingi mtu. Januari 2012, hata kabla ya ZMap, mdukuzi mmoja kutoka Indonesia alizichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo, na hakuwa na ugomvi wowote na Wakenya. Alizikuta zikifunguka, akaingia.

Mjumbe aliisoma mistari ile bila haraka. Kisha akauliza ni wakulima wangapi walioandikwa humo. Wote, nilimwambia. Majina yao, namba za vitambulisho zenye tarakimu 16, namba za simu, kilo za kahawa mbivu alizoleta kila mmoja, na fedha anazodai. Fedha za intaneti zilipitishwa siku hiyo hiyo.

Seva yetu ilikuwa ya Linux aina ya Debian, imekodiwa Kigali. Sikuipeleka Ulaya, ingawa huko bei ni nafuu, kwa sababu sheria ya Rwanda namba 058/2021 inataka taarifa binafsi zitunzwe ndani ya nchi, ila kwa mwenye cheti cha kuzitunza nje. Sheria hiyo hiyo inampa anayezitunza saa 48 za kuiarifu mamlaka husika anapogundua zimevuja. Huwa nawakumbusha vijana wa kompyuta kwamba saa 48 zinaisha upesi kwa mtu ambaye hajui hata logi zake ziko wapi.

Fayawoli ya kawaida tulikuwa nayo tangu mwanzo. Ilifunga milango yote ila wa 22, wanaouingilia mafundi, na wa 80 na 443, inayotumiwa na tovuti. Lakini mabaya yote niliyoyasoma kwenye logi yalipitia 443, mlango tuliouacha wazi kwa makusudi kwa kuwa ndio wa wakulima wenyewe. Wanaovuka kwenda Bukavu kwa daraja la Rusizi ya Kwanza wanaijua tofauti hii: yuko anayetazama karatasi zako akakuruhusu upite, na yuko anayefungua mzigo. Nilichokuwa nakihitaji ni yule wa pili, fayawoli ya programu za wavuti, inayosoma kilichomo ndani ya kila ombi kabla hakijafika kwenye programu.

Nilichagua ModSecurity. Ivan Ristić aliitoa mwaka 2002 kama moduli ya Apache. Baadaye ikawa mali ya kampuni ya Breach Security, mwaka 2010 ikaingia mikononi mwa Trustwave, na Januari 2024 ikakabidhiwa OWASP, jumuiya ya watu wanaojitolea kwa ajili ya usalama wa programu. ModSecurity peke yake ni injini tu, haijui jema wala baya. Ujuzi wote umo kwenye kanuni, na kanuni zinazotumiwa zaidi ni Core Rule Set za OWASP hao hao. Kila kanuni inatafuta dalili fulani. Ikiiona, inaliongezea ombi alama: 5 kwa dalili nzito sana, 4 kwa inayofuata, kisha 3, kisha 2. Alama zikifika 5 kwa jumla, ombi linarudishwa. Kuna pia madaraja manne ya ukali, na kadiri unavyopanda ndivyo kanuni zinavyozidi kushuku.

Kuisakinisha ni kazi fupi. Unaandika apt install libapache2-mod-security2, unalipa jina jipya faili la modsecurity.conf-recommended kwa kuondoa neno la mwisho, unaiwasha upya Apache, basi. Waliotengeneza faili hilo walifanya jambo la busara: mstari wa SecRuleEngine unakuja ukiwa umeandikwa DetectionOnly. Injini inasoma, inatoa alama, inaandika kwenye logi, lakini haimzuii mtu. Nimekutana na mafundi wengi ambao hubadilisha mstari huo kuwa On dakika ile ile, wakampigia simu mwenye tovuti kumwambia kazi imekwisha. Mimi naamini kazi ndipo inapoanza, na kilichonifundisha hivyo ni barua moja ya mzee.

Barua hiyo itaeleweka vizuri zaidi nikieleza kwanza kwa nini kanuni hizi huiogopa ritifaa, kile kialama tunachokiandika kwenye ng’ombe na ng’ambo. Katika lugha ya SQL, inayotumiwa kuiamuru hifadhidata, maneno ya mtumiaji hukaa katikati ya ritifaa mbili. Programu ikiyachukua maneno hayo kama yalivyo na kuyaunganisha na amri, basi mtu akiandika ritifaa moja ndani ya jina lake anakuwa ameifunga nukuu, na kila kinachofuata kinasomwa kama amri. Jeff Forristal aliyaandika haya hadharani katika jarida la Phrack mnamo Desemba 1998. Zaidi ya robo karne imepita, na programu zinazoandikwa kwa mtindo ule bado zimejaa duniani. Yetu ilikuwa mojawapo. Iliandikwa na kijana mwenye kipaji aliyekuwa bado mwanafunzi. Ilifanya kazi vizuri, wakulima waliipenda, naye akapata ajira mbali na hapa.

Kwa sababu ya programu hiyo, na kwa sababu ya zile tarakimu 16 za kila mkulima, niliona daraja la kwanza la ukali halitutoshi. Nikapanda hadi la pili, nikaiacha injini kwenye DetectionOnly, nikaanza kusoma.

Nilisoma pamoja na katibu wa ushirika, mwalimu mstaafu ambaye sisi sote tunamwita Mwalimu. Hakujua Linux. Lakini alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya watu waliokuwa wakijaza fomu zetu, na nusu nyingine alikuwa akiwajua kwa mashamba yao. Jioni, kituo cha kupokelea kahawa kikishafungwa, tulikaa mbele ya kompyuta moja. Mimi nilimtajia namba ya kanuni, yeye akasoma maandishi.

Jioni moja tulikuta ombi lililopewa alama 6. Kama injini ingekuwa imewashwa kikamilifu, ombi hilo lisingepita. Kanuni iliyolalamika ilikuwa 942430, ya daraja la pili, ambayo huhesabu alama kama ritifaa, mabano, vistari na nukta pacha. Zikifika 12 ndani ya kisanduku kimoja cha fomu, inakitilia shaka na kutoa alama 3. Mtu huyu alikuwa amejaza visanduku viwili vya maandishi marefu, na vyote viwili vilishukiwa. Tatu na tatu, sita. Nilimwuliza Mwalimu, “Huyu ni nani anayeandika hivi?”

Alisogeza miwani, akasoma hadi mwisho. “Mwanangu, huyu si mwizi,” akasema. “Huyu ni mzee wetu. Anailalamikia mizani.”

Kweli ilikuwa barua, imeandikwa kwa Kinyarwanda kizuri cha mtu aliyezoea kuandika kwa kalamu. Alisema kahawa yake ilipimwa nyumbani ikawa uzito huu, ikapimwa kituoni ikawa uzito ule, na aliomba mizani ikaguliwe. Kinyarwanda hukata irabu mwishoni mwa neno na kuweka ritifaa mahali pake. Umusaruro w’ikawa ni mavuno ya kahawa, amafaranga y’abahinzi ni fedha za wakulima. Hata anuani yetu sote haiandikiki bila hiyo, kwa sababu mkoa wetu unaitwa Intara y’Iburengerazuba. Mzee aliyeeleza shida yake kwa adabu, kwa aya tatu, hangeweza kuepuka kuzivuka ritifaa 12. Mdukuzi anayeandika mstari mmoja mfupi angeziepuka kwa urahisi.

Nilifikiria angekutana na nini. Angebonyeza kitufe cha kutuma, angeletewa ukurasa mweupe wenye namba 403, na barua yake ingepotea. Asingejua lolote kuhusu kanuni 942430. Angejua tu kwamba ameulalamikia ushirika na ushirika umekataa kumsikia. Huenda asingeandika tena. Mimi nami ningetazama ripoti ya wiki, nikaona “shambulio moja limezuiwa,” nikafurahi.

Tangu jioni ile nilibadilisha namna ninavyoifikiria kazi hii. Waliotunga kanuni zile ni watu hodari na waaminifu, nawaheshimu sana. Lakini walizipima zaidi kwa maandishi ya lugha wanazozijua, na lugha yetu ilikuwa nje ya hesabu yao. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mtu aliyekaa Ulaya wala na fundi asiyewajua watumiaji. Litazibwa na mtu anayeweza kuisoma barua akasema, huyu namjua.

Mwalimu aliwajua wengi. Huyu ni mnunuzi wa Bukavu, anaandika Kifaransa, ndiyo maana kila neno la pili lina ritifaa. Huyu ni binti wa maabara ya kuonja kahawa, amenakili jedwali lake zima na mabano yake. Huyu ni kijana wa Kamembe anayeandika Kiswahili na kupenda alama za mshangao. Kila alipomtambua mtu, niliandika namba ya kanuni na jina la kisanduku.

Mashambulio ya kweli nayo alizoea kuyatambua upesi kuliko nilivyotarajia. Siku alipoona mtu ameandika ritifaa, kisha neno OR, kisha 1=1, aliniuliza kwa nini mtu atume habari ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo hila yenyewe: moja ni sawa na moja daima, basi hifadhidata iliyoulizwa “nipe mkulima mwenye jina hili, au popote moja ilipo sawa na moja” inamtoa kila mkulima iliyenaye. Alinyamaza kidogo. Halafu akaniomba nimwonyeshe kama programu yetu ingefanya hivyo. Nikamwonyesha, kwenye nakala ya majaribio yenye majina ya kubuni. Orodha yote ikamwagika kwenye skrini. Kuanzia hapo ndiye aliyekuwa akinihimiza mimi.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache. Ningeweza kuifuta kabisa kanuni 942430, na watu wengi hufanya hivyo wakichoshwa na kelele. Sikuifuta. Kwenye faili la RESPONSE-999-EXCLUSION-RULES-AFTER-CRS.conf niliandika SecRuleUpdateTargetById 942430 "!ARGS:ujumbe", maana yake kanuni iendelee kulinda kila mahali ila isikihesabie alama kisanduku cha ujumbe, nikafanya vivyo hivyo kwa kisanduku cha maelezo ya eneo. Visanduku hivyo havikubaki uchi. Kanuni 942100 iliendelea kuvisoma. Kanuni hiyo inatumia maktaba ya libinjection, iliyoandikwa na Nick Galbreath, ambayo haihesabu ritifaa bali huuliza kama maneno yaliyoandikwa yanaunda sentensi ya SQL. Barua ya mzee haiundi.

Kisha nikawasha. Nilianza na kikomo cha juu sana cha alama, ili warudishwe wale tu ambao hakuna shaka juu yao, nikakishusha hatua kwa hatua, nikisoma logi kila mara, hadi nikafika 5. Yeyote atakayeifanya kazi hii namsihi asiharakishe hatua hiyo. Siku chache za kusoma logi ndizo zinazomwokoa mkulima asiyekuwa na namna nyingine ya kukufikia.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipitia mbio, nami naliona kubwa. ModSecurity ikishuku ombi huliandika kwenye modsec_audit.log pamoja na mwili wake, yaani kila alichojaza mtu kwenye fomu. Humo ndimo zinamoangukia nywila na namba za vitambulisho, tena kwa maandishi ya wazi. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya kuficha siri za wakulima huwa umefungua daftari jipya la siri zao. Nililifunga faili lile lisomwe na wachache tu, nikaliwekea utaratibu wa kufutwa baada ya muda, na kwa sehemu za nywila na kitambulisho nikatumia agizo la sanitiseArg, linaloweka nyota mahali pa herufi. Mimi na Mwalimu pia tulikubaliana kwamba tulichokisoma jioni hakitoki pale. Barua za malalamiko zina mambo ya watu.

Ulinzi huu nao una mipaka, nami sikutaka kamati idhani umemaliza kila kitu. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya iliyokuwa na huduma zaidi ya 5,000, ilisumbuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kupita uwezo wake. ModSecurity kwenye seva moja haizuii gharika ya namna hiyo, nayo ingezama pamoja na seva. Halafu fayawoli yenyewe inaweza kugeuka njia. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilivujisha taarifa za watu takriban milioni 100 nchini humo na milioni 6 Canada. Mshambuliaji alikuwa ameitumia fayawoli ya wavuti iliyopangwa vibaya, iliyokuwa na ruhusa nyingi kuliko ilizohitaji, akaifanya imchotee hati za kuingilia mahali data ilipohifadhiwa. Niliposoma habari hizo nilirudi kwenye seva yetu, nikapitia ruhusa za kila mtumiaji, hasa yule ambaye Apache inafanya kazi kwa jina lake, nikapunguza kila isiyo na kazi.

Zaidi ya yote, fayawoli hii inanunua muda tu. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo, iliingiliwa Mei 2017 kupitia tundu la Apache Struts ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi. Taarifa za watu takriban milioni 147 zilichukuliwa. Kanuni nzuri ingeweza kuwazuia washambuliaji wakati kiraka kinasubiriwa, lakini haiwezi kuwa badala ya kiraka. Kwetu sisi kiraka kilikuwa kuiandika upya ile programu, ili amri ya SQL itumwe kwanza peke yake, na maneno ya mkulima yafuate baadaye katika nafasi zilizoachwa wazi. Kwa mtindo huo hifadhidata haiwezi kuyachanganya, hata mtu aandike ritifaa mia.

Kazi hiyo ninaifanya na msichana wa Mushaka aliyemaliza sekondari, ambaye Mwalimu alimleta akiniambia kwamba sitaishi hapa milele. Tulianza na fomu ya malalamiko, tukaendelea na ukurasa wa kuingilia, kisha rekodi za mizani. Mizani yenyewe ilikaguliwa na kurekebishwa, na mzee alilipwa tofauti yake. Sasa msichana huyo ndiye anayesoma logi asubuhi. Akikuta barua iliyoshukiwa humpigia Mwalimu simu, na wakikubaliana kwamba ni ya mtu wetu huiandika namba ya kanuni kwenye daftari, tunaijadili nikifika. Limebaki faili moja la ripoti za mwaka, refu na lenye amri za SQL zilizounganishwa ovyo. Kahawa huanza kuiva Machi, na kituo kikishafunguliwa hakuna atakayepata nafasi ya kukaa na kompyuta, kwa hiyo tunataka kulimaliza mapema.